Daraja Inahitaji Mtu wa Kusema Hapana



Kila mara picha ya daraja ya Millau inapita kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, ile yenye nguzo zinatokea mu mawingu, chini yake kunaandikwa jina moja tu: Norman Foster. Juzi tena mwenzetu mmoja wa promosio aliituma na akaongeza: « Huyu arkitekti ni mchawi. » Watu wakapiga makofi. Mimi niko wa agronomia, mihogo na udongo njo kazi yangu, na najua wale wa jeni sivili watasema naingia mu shamba la watu. Sawa. Lakini ile sentensi ilinikera, juu inaficha mtu, na kwa kuficha mtu inaficha namna daraja ile ilizaliwa. Na kwangu, namna ilizaliwa inapita picha kwa uzuri.

Mtu mwenye anafichwa anaitwa Michel Virlogeux. Ni injenia Mfaransa, yule yule mwenye jina lake liko kwenye daraja ya Normandie, yenye ilifunguliwa mwaka wa 1995 na sehemu ya katikati ya mita 856. Alikuwa anatumika mu huduma ya serikali ya Ufaransa yenye inashughulika na barabara na madaraja. Kwa Millau, wazo la daraja ndefu yenye nguzo mingi na nyaya lilikuwa tayari juu ya meza yake kabla Foster hajaingia. Kisha wakafanya mashindano, na mwaka wa 1996 majaji wakachagua kikundi chenye Foster alikuwa ndani, pamoja na wazo hilo la nguzo na nyaya.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi Foster aliiba kitu. Nasema kazi yake ilikuwa ngumu kuliko uchawi: alipewa wazo la mwingine, lenye hesabu zake na sheria zake, na akapaswa kulifanya kuwa umbo bila kulivunja. Mto wenyewe kule chini, Tarn, ni mdogo. Ukitaka tu kuvuka Tarn, daraja fupi inatosha. Lakini barabara ya A75 inatoka kwenye uwanda wa juu na inaenda kwenye uwanda mwingine wa juu, na katikati kuko bonde lote. Kwa hiyo daraja haivuki mto, inavuka bonde. Ukishakubali hilo, kila kitu kinabadilika: urefu wa mita 2460, nguzo 7, na ile kubwa zaidi inafika karibu mita 245 kutoka chini mpaka sakafu. Ukiongeza mlingoti wa juu, ni mita 343. Mnara wa Eiffel ungejificha nyuma yake.

Nataka tukae kidogo juu ya nguzo hizo, juu hapo njo kuko somo lote.

Daraja ya nyaya ya kawaida iko na milingoti miwili. Kila mlingoti unashikwa kwa nyuma na nyaya zenye zimefungwa mahali pagumu, karibu na ukingo. Lakini ukipanga milingoti 7 mu mstari, ile ya katikati haina mahali pagumu pa kufungiwa. Kamiyo nzito zikijaa kwenye sehemu moja ya daraja, mlingoti unataka kuinama upande ule, na sehemu ya jirani inataka kupanda. Ili hiyo isitokee, injenia anataka nguzo ngumu. Lakini sakafu ya Millau ni ya chuma, tani kama 36000, na chuma kinarefuka mu joto, kinafupika mu baridi. Kwa mita 2460, hiyo haiko mchezo. Nguzo za mbali na katikati zinavutwa huku na huku kila mwaka. Ili zisipasuke, injenia yule yule anataka nguzo laini, yenye inakubali kupinda.

Ngumu na laini, nguzo ile ile moja. Hapo ungefanya nini?

Kwetu, mgomba ukibeba mkungu mzito, tunakata mti wa panda na kuuweka chini yake: shina moja kwa chini, matawi mawili kwa juu. Angalieni tena picha ya Millau. Nguzo inapanda ikiwa moja, halafu kwa mita 90 za mwisho inapasuka kuwa mbili. Miguu ile miwili, kwa kuwa imeachana, inazuia mlingoti usiiname wakati mzigo uko upande moja. Na kwa kuwa kila mguu ni mwembamba, inakubali kwenda na kurudi pamoja na sakafu wakati wa joto na baridi. Juu ya sakafu, mlingoti unafuata mstari ule ule: miguu miwili inapanda na kukutana. Injenia amepata ugumu na ulaini wake. Arkitekti amepata nguzo yenye inakuwa nyembamba kadiri inavyopanda, mpaka jicho linaona kama kitu chepesi. Ukiniuliza ni nani alifanya mita 90 zile, nitakujibu kwamba ulizo hilo halina maana. Mmoja peke yake asingezifikia. Injenia peke yake angeweza kuridhika na nguzo yenye inasimama. Arkitekti peke yake angeweza kuchora nguzo yenye haisimame.

Njo maana nasema « kazi ya Foster » ni kosa la usomaji. Ni kama kusifia sombe na kumtaja tu mwenye aliipakua kwenye sahani.

Lakini hapa kuko hatari. Mtu anaweza kusoma mpaka hapa na kusema: basi dawa ni rahisi, waweke arkitekti na injenia mu chumba kimoja tangu siku ya kwanza, wapendane, na daraja itakuwa nzuri. Hapana. Twende London.

Mwaka wa 1996 vilevile, kulikuwa mashindano ya kujenga daraja ya watu wa miguu juu ya mto Thames. Kikundi chenye kilishinda kilikuwa na Foster (huyu huyu), mchonga sanamu Anthony Caro, na mainjenia wa kampuni ya Arup. Injenia hakuitwa nyuma ili aweke sahihi. Alikuwa ndani tangu mchoro wa kwanza. Wote walipenda kitu kimoja: daraja nyembamba kabisa, kama upanga wa mwanga juu ya maji, yenye haifiche kanisa la Mtakatifu Paulo. Mu daraja ya kawaida ya kuning'inia, nyaya zinapanda juu sana kisha zinashuka. Pale walizilaza pembeni: kwa mita 144 za katikati, zinashuka mita 2,3 tu. Kama mmeshavuta kamba ya kuanikia nguo, mnajua: kadiri unataka isilegee, ndivyo unapaswa kuivuta kwa nguvu nyingi zaidi. Kuhesabu hilo ni kazi ya mainjenia wakubwa, na waliifanya vizuri.

Daraja ikafunguliwa tarehe 10 Juni 2000. Watu wakajaa. Na ikaanza kuyumba, haikuwa kwa juu na chini, ilikuwa kwa upande, kushoto na kuume. Watu wakashika vyuma vya pembeni. Wengine walicheka, wengine walisikia kichefuchefu. Siku mbili kisha, tarehe 12, wakaifunga. Ilibaki imefungwa mpaka Februari 2002.

Ni nini ilitokea? Mtu akitembea, mguu wa kushoto unamsukuma kidogo upande moja, wa kuume upande mwingine. Ni nguvu ndogo, na kwa kawaida watu wengi wanatembea ovyo, nguvu zao zinauana. Lakini daraja ikitikisika kidogo kwa upande, bila kujua, mtu anapanua miguu na kufuata mwendo wa daraja ili asianguke. Jirani yake anafanya vile vile. Sasa wote wanasukuma pamoja, daraja inatikisika zaidi, na wao wanaifuata zaidi. Hakuna mtu mbaya hapo. Kila mmoja anajaribu tu kusimama.

Kwa haki, lazima niseme: Arup ilionyesha kwamba wembamba wenyewe haukuwa sababu. Daraja nzito vilevile inaweza kufanya hivyo kama mwendo wake wa upande uko polepole na watu ni wengi. Kwa hiyo wale wenye wanasema « unaona, uzuri uliua usalama » wanasema haraka sana. Kwangu kosa liko mahali pengine, na linatuhusu zaidi siye wasomi. Ilikuwa inajulikana! Mwaka wa 1993, watafiti wa Japani, Fujino na wenzake, walikuwa wameandika juu ya daraja ya watu wa miguu karibu na uwanja wa mashindano ya mashua. Mashindano yakiisha, umati unapita, na daraja inayumba kwa upande, sababu watu wanalinganisha hatua zao na daraja. Ile « hapana » yenye London ilihitaji ilikuwa imeshaandikwa. Ila ilichapishwa mu jarida la mambo ya matetemeko ya ardhi, na pale kwenye meza ya Thames hakuna mtu mwenye aliileta.

Ona sasa tofauti na Millau. Mu bonde la Tarn, arkitekti na injenia walikuwa na mahitaji yenye yanapigana, na kila mmoja alikuwa na nguvu ya kumkatalia mwenzake. Kule London wote walikuwa wamependa kitu kimoja. Mapatano yalikuwa mazuri kupita kiasi. Hakuna mtu wa tatu, mwenye hajapenda ule upanga, mwenye angeuliza ulizo la kijinga: watu 2000 wakiwa juu yake pamoja, wanatembea namna gani?

Nawapa heshima kwa kitu kimoja. Baada ya aibu ile, Arup haikuficha. Walitembeza watu juu ya daraja mara nyingi wakipima, wakaweka vifaa 37 vya kuzuia mwendo wa upande, vingine zaidi ya 50 vya kuzuia wa juu na chini, na wakachapisha yale waliyopata ili wengine wote wasome. Na vifaa vingi viliwekwa chini ya sakafu, umbo likabaki. Leo ukipita pale hauwezi kujua. Kampuni ngapi kwetu zinaweza kuandika wazi « tulikosea hapa, na hesabu ni hii »? Tuache.

Kuko njia ya tatu, na hii inavutia vijana wengi: mtu mmoja awe vyote viwili. Santiago Calatrava alisoma usanifu kule Valencia, kisha uinjenia kule Zürich. Ukisikia hivyo unasema, basi ugomvi umeisha, arkitekti na injenia wanalala mu kichwa kimoja. Mwaka wa 2008 daraja yake ilifunguliwa kule Venice, juu ya mfereji mkubwa. Upinde wa chuma uliolala, mzuri sana kwa macho, na ngazi zake ziko na vioo. Venice ni mji wa maji, ukungu na mvua. Vioo na maji, mnajua mwisho wake: watu wakateleza, watu wakaanguka. Ngazi hazilingani, mguu unadanganyika. Na mtu mwenye kiti cha magurudumu hakuwa na njia. Kibanda cha kumvusha kiliongezwa baadaye, hakikufanya kazi vizuri, na mwishoni wakakiondoa. Mwaka wa 2019 mahakama ya hesabu za serikali ilimuhukumu Calatrava alipe euro 78000 juu ya uzembe. Mwaka wa 2022 mji ulitangaza kwamba vioo vitabadilishwa na mawe.

Kwangu Venice ni mbaya kuliko London, hata kama daraja haikuyumba. London walikosa kitu chenye wachache sana duniani walikijua. Venice walikosa kitu chenye kila mama wa kufagia anajua: kioo kikilowa kinateleza. Na namna gani mtu mwenye akili vile anakosa hilo? Juu alikuwa peke yake. Arkitekti wa ndani alipenda kioo, na injenia wa ndani alikuwa mtumishi wake. Mtu hawezi kujikatalia vya kutosha.

Nikirudi huku kwetu, mtaniambia: siye tunazungumza Foster na Calatrava, na njia yenye inapeleka mihogo sokoni iko na miti miwili na udongo juu. Ni kweli. Tuko na daraja moja kubwa yenye tunajivunia, ile ya Matadi, mita 722, yenye Wajapani walimaliza mwaka wa 1983. Inasimama vizuri mpaka leo. Iliachiwa hata nafasi ya gari la moshi la kwenda Banana, na reli haikuwekwa. Mainjenia walifanya yao. Ni wale wa juu zaidi hawakufanya yao. Lakini haya yote hayako mambo ya wazungu na ya wakubwa tu, na hapa nitaacha vitabu kidogo.

Wakati wa staji, nilikuwa napita mara mbili kwa wiki juu ya kilalo kipya cha betoni kwenye njia ya mashamba. Kazi safi, kibao cha mradi pembeni, nembo za wafadhili. Injenia alikuwa amehesabu kamiyo, na kamiyo zilipita bila shida. Lakini upana ulikuwa wa kamiyo moja, na ukuta wa pembeni kila upande, hakuna hata kipande cha kusimama. Siku ya soko, mama anatoka shambani na kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kilo 50 ao zaidi. Kitunga kinatoka kila upande wa mgongo wake. Kamiyo ikiwa juu ya kilalo, hawezi kuingia. Anangoja na mzigo mgongoni, juu akiutua hakuna mtu wa kumtwisha tena. Nilihesabu siku moja: mama 11 kwenye mstari, na shofa anabishana na mtu wa bariere juu ya pesa.

Mainjenia hawakukosea hesabu. Wale wenye walichora hawakuchora vibaya. Mu karatasi zao zote kulikuwa kamiyo, na mama hakukuwa. Tani za mihogo zenye zinapita kwenye njia ile, nusu kubwa inapita kwanza mgongoni mwa wanawake kabla ya kuona gari. Hiyo, mwanafunzi yeyote wa agronomia wa mwaka wa pili angewaambia. Hakuna mwenye alimuuliza.

Na wakituuliza, tunaweza kujibu? Hapa njo penye panauma. Siye wa agronomia tunaujua mchezo: wanatuita wakati mbegu imeshanunuliwa, wanatupa karatasi, « injenia, weka sahihi hapa ». (Mu kijiji kila mwenye botte na kalamu ni injenia, hata mimi.) Virlogeux aliweza kukataa, juu alikuwa na jina, na nyuma yake kulikuwa huduma ya serikali. Kijana mwenye lisansi, mkataba wa miezi 6, nyumba ya kulipia na wadogo wa kusomesha, akisema hapana, mwezi wa saba atakuwa anauza vocha. Kwa hiyo tunasema ndiyo. Tunasema ndiyo na tunaita hiyo « kazi ya pamoja ». Nimeona ripoti zenye kuko majina 9 ya wataalamu kwenye ukurasa wa kwanza, na ndani, mawazo ya mtu mmoja.

Ukisoma hayo yote unaweza kusema suluhisho ni sheria, ao ofisi ya kuchunguza. Labda. Ofisi tuko nazo, mihuri pia tuko nayo. Mimi ningeanza chini zaidi, kule kwenye auditwari. Mwanafunzi wa usanifu anatetea memwari yake ya daraja mbele ya maprofesa wa usanifu. Wa jeni sivili, mbele ya wa jeni sivili. Kila mmoja anasifiwa na watu wenye wanapenda yale yale anayopenda. Ni London ndogo ndogo kila mwaka mu Julai. Mu vyuo vyetu hivi wenyewe, bila mfadhili, tungeweza kusema: memwari ya daraja haipite bila mtu moja wa fakilte nyingine kwenye meza ya majaji, mwenye iko na haki ya kuuliza na ya kurudisha kazi nyuma. Haiko lazima ajue kuhesabu betoni. Aulize tu vitu vyake.

Mimi nikiitwa, nishapanga yangu. Mto unajaa mwezi gani, na mavuno yanashuka mwezi gani? Mama mwenye kitunga anapita wapi? Na gari ikizimika katikati ya daraja siku ya soko, mbuzi wanapita wapi? Mtacheka ile ya mbuzi. Lakini nataka nione mchoro wenye unaijibu.